Pikapu Ndogo ya Zamani: Hilux, Nissan D21, Ranger au S-10?

Mtu anayetafuta pikapu ndogo iliyoundwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni jina lipi lililo bora. Swali hilo lina haki yake, na nitalijibu, lakini kuna jingine ambalo kwa maoni yangu linapaswa kulitangulia, nalo ni hili: chasisi ya gari lenyewe ikoje? Injini iliyochoka inaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya, au kutolewa na kuwekwa nyingine. Gia boksi, difu, viti, milango na hata kabini nzima hupatikana kwenye gari jingine la aina hiyohiyo. Chasisi iliyoliwa na kutu haina njia rahisi kama hiyo, kwa sababu kuibadilisha kunadai gari lote livuliwe hadi libaki mifupa, na kwa kuwa namba iliyogongwa kwenye chasisi ndiyo utambulisho wa gari, kazi hiyo huleta pia usumbufu wa nyaraka.

Jina kubwa halimkingi mnunuzi katika jambo hili. Mwaka 2008 Toyota iliongeza dhamana ya kutu ya chasisi kwa pikapu zake za Tacoma zilizouzwa Marekani kati ya mwaka 1995 na 2000 hadi kufikia miaka 15, na zile zilizokuwa zimeharibika mno ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Injini za magari hayo zilikuwa na sifa njema, na bado yalikufa kwa kutu ya chasisi. Ndiyo maana naona kwamba Nissan yenye chasisi safi inaipita Toyota yenye chasisi iliyooza, hata kama ya pili inaunguruma vizuri zaidi na ina rangi inayong'aa.

Sehemu za kukagua hazitofautiani sana kati ya pikapu hizi. Lala chini ya gari na taa, ukiwa na nyundo ndogo, uanze nyuma ya kabini, kisha uende juu ya ekseli ya nyuma pale chasisi inapopinda kwenda juu, halafu kwenye vishikizo vya springi za nyuma, na mwisho juu ya tangi la mafuta ambako tope hujaa bila kuonekana. Chuma kizima hujibu nyundo kwa mlio mkali. Kilicholiwa kwa ndani hujibu kwa mlio uliofifia na kudondosha magamba. Chasisi iliyofungwa pande zote nne huoza kuanzia ndani, kwa kuwa maji ya tope na chumvi yakishaingia hayapati pa kutokea, ilhali ile iliyo wazi upande mmoja huonyesha ugonjwa wake mapema. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari la umri huu inastahili kukwaruzwa kwa ncha ya bisibisi kabla ya mazungumzo ya bei, na muuzaji anayekataa ukaguzi huo amekwisha kutoa jibu.

Magari manne, tabia nne

Hilux ya kizazi cha tano, iliyoanza mwaka 1988 na kuendelea hadi 1997, ndiyo ambayo wengi huifikiria wanaposema pikapu isiyochoka. Nchini Marekani gari hilo liliuzwa kwa jina la Toyota Pickup tu, hadi Tacoma ilipochukua nafasi yake mwaka 1995. Injini yake ya petroli ya 22R, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2366, ni rahisi kufanyiwa kazi na huvumilia kutotunzwa kuliko injini nyingi. Hata hivyo ina kasoro moja ambayo lazima mnunuzi aijue. Cheni yake ya taimingi (ile inayolinganisha mwendo wa vali na wa pistoni), ambayo tangu miaka ya mwanzo ya 1980 ni ya safu moja, huongozwa na vipande vya plastiki. Vipande hivyo vikikatika, cheni hulegea na kuanza kusaga kifuniko cha mbele cha injini, na ikisaga muda mrefu hutoboa njia ya maji, maji yakaingia kwenye oili. Dalili ni kelele ya kugongagonga upande wa mbele pale injini inapowashwa ikiwa baridi. Anayeisikia aihesabu kazi ya cheni, vipande vyake vya plastiki na huenda kifuniko pia kama sehemu ya bei ya gari.

Hilux za dizeli ni habari nyingine. Injini ya 2L (sentimita za ujazo 2446) na ya 3L (2779) huendeshwa taimingi yake kwa mkanda, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni hukutana na vali. Jambo la pili ni joto. Silinda hedi ya 2L hupasuka ikiachwa ichemke, hivyo hali ya rejeta, pampu ya maji na feni inaeleza zaidi kuhusu injini hiyo kuliko kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, ambazo katika gari la miaka 30 haziaminiki hata hivyo.

Nissan D21 ilianza kuundwa mwaka 1985 na katika nchi nyingi ilijulikana kwa jina la Hardbody. Kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa isivyo haki, na kwa mnunuzi dharau hiyo ni faida, maana gari la hali ileile mara nyingi huombwa bei ndogo kuliko Hilux. Injini ya petroli ya Z24 ina plagi nane kwa silinda nne, mbili kwa kila silinda, na fundi asiyeijua anaweza kubadilisha nne za upande mmoja akadhani amemaliza. KA24E iliyofuata ina ujazo uleule wa 2389, hutumia cheni, na ina nguvu zaidi kuliko 22R. Ile ya V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V), VG30, ni tamu barabarani, lakini ina mkanda wa taimingi ambao ukikatika huharibu vali, na bolti za manifoldi ya ekzosi hukatika ndani ya silinda hedi, kazi inayoweza kummalizia fundi siku nzima kabla hajagusa kitu kingine. Kwa dizeli, TD27 yenye ujazo wa 2663 naiweka juu ya 2L ya Toyota bila kusita: kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua vali, iko ndani ya bloku, taimingi yake ni ya gia, hakuna mkanda wa kukumbuka, na mvuto wake kwenye mwendo mdogo unafaa mizigo.

Ford Ranger inahitaji tahadhari ya kipekee kwa sababu jina hilo lilibandikwa kwenye magari mawili tofauti. Lile la Amerika Kaskazini lilianza na modeli ya mwaka 1983, na kuanzia 1994 Mazda ya huko ya B-Series ilikuwa Ranger iliyobadilishwa sura. Kwingineko duniani mambo yalikuwa kinyume: Ranger iliyotoka mwaka 1998 ilijengwa juu ya Mazda. Anayeagiza spea kwa kutaja jina na mwaka pekee anaweza kuletewa kifaa kisichoingia popote, kwa hiyo namba ya chasisi na namba ya injini ndizo za kutanguliza. Kwa Ranger ya Amerika, injini ya awali ya petroli ya lita 2.3 ni chaguo la busara, kwa kuwa mkanda wake wa taimingi ukikatika injini husimama tu bila vali kuumia. Ile ya lita 2.9 ina historia ya silinda hedi kupasuka. Ya lita 4.0 ya awali, yenye kamshafti ndani ya bloku, ni ngumu na ya kuaminika. Ya baadaye, iliyoingia mwaka 2001 ikiwa na kamshafti juu, ina nguvu zaidi lakini moja ya cheni zake iko nyuma ya injini, na ikianza kulia inabidi injini au gia boksi ishushwe. Tofauti hiyo moja inatosha kuamua kati ya magari mawili yaliyosimama pamoja.

Chevrolet S-10, iliyoanza na modeli ya 1982 na kukoma 2004, haina sifa ya kudumu kama Hilux, na ndani yake plastiki za dashibodi na bawaba za milango huchoka mapema. Nguvu yake iko kwingine. Injini ya V6 ya lita 4.3, iliyopatikana kuanzia mwaka 1988, kimsingi ni V8 ya lita 5.7 ya kampuni hiyo iliyopunguzwa silinda mbili, hivyo spea zake ni tele na gia boksi iliyofungwa nyuma yake hukubali kufungwa kwenye V8 hiyo. S-10 yenye V6 ya zamani ya lita 2.8 haina faida hii, kwa sababu mpangilio wa bolti za gia boksi ni tofauti. Katika zile za 4.3 za miaka ya kati ya 1990, kagua kama kuna harufu ya petroli au ugumu wa kuwaka asubuhi, kwani mfumo wake wa kunyunyizia mafuta, uliofichwa chini ya manifoldi ya juu, huvuja bila kuonekana.

Petroli au dizeli

Uamuzi huu hutegemea zaidi kazi kuliko ladha. Dizeli za kizazi hiki hazina kompyuta, zikishawaka huhitaji umeme mdogo tu, na hutumia mafuta kidogo zikibeba mzigo mwendo wa polepole. Anayekwenda safari fupi za mjini, akizima na kuwasha mara kwa mara, hafaidi mengi kwa dizeli, na gharama ya kutengeneza pampu na nozeli (vinyunyizio vya mafuta) ikifika huwa kubwa kwa mkupuo. Petroli yenye kabureta hutengenezwa na fundi yeyote mwenye uvumilivu, ilhali petroli yenye mfumo wa kunyunyizia huwaka vizuri zaidi kwenye baridi na miinuko ya juu, lakini inamtaka fundi anayesoma michoro ya umeme.

Kwa aina zote mbili, jaribu gari likiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika amekunyima kipimo bora kuliko vyote. Moshi wa buluu baada ya kuwasha ni oili inayopita kwenye sili za vali au ringi. Moshi mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji yanayochomeka. Moshi mweusi wa dizeli chini ya mzigo mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, kasoro nyepesi kuliko hizo mbili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: mvuke kidogo unavumilika, msukumo mkali wa pumzi haukubaliki. Kipimo cha mgandamizo wa silinda ni kazi ya muda mfupi, na ninachotazama ni ulingano. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 au zaidi kidogo, kuna jambo.

Ekseli ya mbele

Hapa ndipo magari haya yanapotofautiana kweli, na ndipo wanunuzi wanapochagua bila kutazama. Hilux ya magurudumu manne iliyouzwa nje ya Marekani hadi 1997 mara nyingi ilikuwa na ekseli nzima mbele, juu ya springi za mabamba. Hupanda mawe vizuri, hubeba uzito, na sehemu zinazochakaa ni chache, ila usukani wake hutetemeka pale beringi za ncha za ekseli zikilegea, na safari ndefu ya lami huchosha mgongo. Ile ya Marekani ilibadilishwa mwaka 1986 na kupewa magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kwa kutumia toshenibaa, yaani fito ndefu za chuma zinazojisokota badala ya springi. Nissan D21 na S-10 za magurudumu manne zinafuata njia hiyohiyo. Ni laini barabarani na zinashika kona vizuri zaidi, lakini zina boli jointi, bushi na raba za jointi nyingi za kukagua.

Ranger ya hadi 1997 iko katikati. Kila gurudumu la mbele hubebwa na boriti yake ndefu inayozunguka karibu na upande wa pili wa gari, mpangilio wenye nguvu sana ila unaobadilisha mwinamo wa tairi kila kimo cha gari kinapobadilika. Springi zikichoka, tairi huliwa upande mmoja. Kwa hiyo tairi za mbele za Ranger hizo ni ushahidi: zikiwa zimeliwa sawasawa, mwenye gari alilitunza. Kuanzia 1998 mpangilio huo uliachwa.

Anayenunua kwa ajili ya kubeba mizigo kwenye barabara zinazopitika aifikirie kwa dhati pikapu ya magurudumu mawili. Ni nyepesi, haina difu ya mbele wala gia boksi ya pili (ile inayopeleka nguvu mbele) ya kuvuja, na huombwa bei ndogo. Anayechagua ya magurudumu manne aingize gia zote, za juu na za chini, na kuliendesha gari mbele na nyuma kabla ya kulipa, maana mfumo usiotumika kwa miaka mingi hugandiana.

Kwanza matengenezo

Kati ya kurejesha gari lilivyotoka kiwandani na kulibadilisha, naegemea kurejesha kwanza, hata kwa mtu ambaye ameshaamua kubadilisha. Sababu ni ya kiufundi. Gari lenye bushi zilizokufa na shokapu zilizovuja haliwezi kukuambia linahitaji nini. Ukiongeza kimo au tairi kubwa juu ya udhaifu huo, utakuwa umeficha kasoro na kuongeza nyingine.

Baada ya kununua, oili zote hubadilishwa bila kujali maneno ya muuzaji: ya injini, ya gia boksi, ya difu zote. Oili ya difu ipitishwe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande vinavyohisika kwa vidole ni meno au beringi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yakikaa miaka mingi hula masta silinda na silinda za magurudumu kwa ndani, kwa hiyo yabadilishwe pia, na paipu za chuma zinazopita juu ya chasisi zikaguliwe urefu wake wote. Mipira ya rejeta na kifuniko chake vibadilishwe pamoja. Tairi zitazamwe tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama iliyogongwa ubavuni ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikapu iliyosimama sana huwa na tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokufa.

Kwa urahisi wa matengenezo pekee, D21 ya petroli ya silinda nne na Hilux ya 22R zinalingana karibu sana. Nafasi ya kuingiza mikono ni kubwa na bolti ziko wazi. Ranger ya 2.3 iko nyuma yao kidogo. S-10 ya V6 ni ya mwisho, kwa kuwa plagi za nyuma zimebanana.

Kisha mabadiliko

Badiliko linaloombwa zaidi ni kuongeza mabamba ya springi za nyuma ili gari libebe zaidi. Libebe, ndiyo, lakini chasisi, beringi za magurudumu, ekseli na breki zimebaki zilezile, na kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye kibati cha gari hakikubadilika. Bamba moja la kuzuia gari lisikae chini linafaa. Mengi zaidi ya hapo hufanya gari tupu liruke nyuma na kupoteza mshiko kwenye kona za maji.

Kuinua gari kuna mtego mmoja usiojulikana vya kutosha. Hilux nyingi, na D21 nyingi pia, zina vali ya breki iliyounganishwa kwa mkono wa chuma na ekseli ya nyuma; mzigo ukishusha bodi, vali hufungua msukumo zaidi kwa breki za nyuma. Ukiinua nyuma ya gari bila kurekebisha mkono huo, vali huamini kwamba gari ni tupu daima, na breki za nyuma hubaki dhaifu hata ukiwa umepakia. Nimeona magari yaliyoinuliwa kwa ustadi mkubwa wa kuchomelea na jambo hili limeachwa, nalo ni jambo la uhai wa watu. Kuinua mbele kwa kukaza toshenibaa nako kunafaa kwa kiasi kidogo tu: fito haiongezeki nguvu, gurudumu hupoteza nafasi ya kushuka, na pembe ya jointi hukata raba zake. Kwa mwenye nia ya kuinua sana, Hilux ya ekseli nzima ndiyo iliyo tayari kwa kazi hiyo, nayo Ranger ya boriti mbili inabidi irekebishwe mwinamo kila hatua.

Tairi kubwa huja na hesabu yake. Kutoka 225/75R15, yenye kipenyo cha inchi 28 na kidogo, hadi tairi ya inchi 31 ni ongezeko la karibu asilimia 10. Spidi mita ikisoma 100, gari linakwenda karibu 110; gia zote zinakuwa ndefu kwa kiasi hicho; klachi huteseka zaidi kuondoka, na breki zinapaswa kusimamisha gurudumu zito zaidi. Kwa 22R na 2L, ambazo hazina nguvu za ziada, badiliko hilo bila kubadilisha uwiano wa difu hulifanya gari lichoke mlimani. KA24E na 4.0 ya Ranger hulivumilia vizuri zaidi.

Kuhusu kubadilisha injini, S-10 ya 4.3 ndiyo inayokubali kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo ninayompendekezea mtu ambaye furaha yake iko katika kujenga gari. Ajue tu kwamba V8 huongeza nguvu ambayo difu ya kawaida ya nyuma, breki na rejeta havikutengenezewa, kwa hiyo bajeti ya vitu hivyo vitatu iwekwe kando kabla injini haijanunuliwa. Anayetaka gari la kazi achague D21 ya TD27, au Hilux ikiwa spea zake ziko karibu zaidi naye, abaki na injini ya kiwandani, na fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabadiliko aziweke kwenye kuosha chasisi kwa ndani, kukausha, na kunyunyizia mafuta ya kuzuia kutu kila mwaka kabla ya msimu wa mvua au wa chumvi barabarani.